Ufunguo Uko kwa Fundi

Mfyuuu! Naanza na msonyo kwa sababu kijiwe chetu ndivyo kinavyofunguliwa. Saa kumi na mbili asubuhi Babu Kahawa anatua birika juu ya jiko la mkaa, anasuuza vikombe kwenye ndoo, anafunua sinia la kashata, na kabla hajamimina cha kwanza lazima apatikane mtu wa kusonywa. Juzi alisonywa refa. Jana mwenye nyumba mmoja anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa chumba ambacho mvua ikinyesha mpangaji anahamishia kitanda katikati. Leo nimesonywa mimi. Aliyenisonya ni Fundi, na kisa ni daftari.

Pikipiki ilikuwa inakohoa tangu Ijumaa. Nikamwachia Fundi aiangalie huku mimi nasubiri kikombe, nikasahau kabisa kwamba chini ya siti nilichomeka daftari, lile la bei ya chini lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Fundi akang'oa siti, akalikuta. Mtu mwingine angelirudisha kimya kimya. Fundi akasimama katikati ya kijiwe, mikono imejaa grisi, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Malengo ya mwaka 2023." Akasogeza karatasi karibu na macho. "Ah, 2023 imekatwa, juu yake 2024. Nayo imekatwa, juu yake 2025. Malengo yenyewe hayajaguswa. Jamani, huyu hana malengo, ana kalenda."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka kidogo ili nisionekane nimeumia.

"Moja, kumiliki pikipiki. Mbili, kuacha kubeti. Tatu, kumpigia mama kila Jumapili. Nne, leseni. Tano..." Hapo akatua. Akatupitia mmoja mmoja kwa macho, kuanzia Bwana Mikeka hadi Dogo wa Chuo, kama mwalimu wa zamu anayemtafuta aliyepiga kelele. "Tano, kuchagua marafiki."

Ungesikia hata mkaa unavyopasuka jikoni. Kisha ndipo ule msonyo ukaja, mrefu, umeanzia Tandika ukaishia Mtongani. "Mfyuuuuu! Sasa si utuambie, kaka. Nani anabaki, nani anahama benchi?"

Wa kwanza kujitetea alikuwa Bwana Mikeka, ingawa hakuna aliyemtaja. "Mwana, hapo namba tano umeniandika mimi, umekosa ujasiri wa kuweka jina tu."

Sikubisha. Januari ile nilipoandika mstari huo nilimfikiria yeye. Ndiye aliyenifundisha kubeti, ndiye aliyenionyesha namna ya kupanga timu kumi na mbili kwenye mkeka mmoja kwa shilingi 1,000 na kuota milioni. Lakini hakuishia hapo. "Mwaka ule mama yako amelazwa Korogwe, nani alikutumia 30,000 saa tano usiku? Fundi?"

Fundi akainama kwenye pikipiki akajifanya kutafuta spana.

Si Fundi. Fundi nilimpigia kwanza, akasema hana. Wiki hiyohiyo nikaona kanunua mashine mpya ya kujazia upepo. Bwana Mikeka usiku ule alikuwa na 42,000 kwenye simu, akanitumia 30,000, nikapanda basi la alfajiri, na mpaka leo hajaniuliza narudisha lini. Sasa mtu kama huyo unamfuta kwa kalamu gani?

Wale wahamasishaji wa kwenye simu wanaongea juu ya marafiki kama wanachagua nyanya sokoni: hii imeoza tupa, hii nzima weka kwenye kikapu. Ungana na wenye ndoto, kaa mbali na wanaokurudisha nyuma. Maneno matamu, nami nimeyaweka mpaka kwenye stetasi. Lakini sijawahi kuona nyanya iliyooza ikikutumia nauli saa tano usiku.

Babu Kahawa ndiye mwenye elimu ya vitabu hapa kijiweni, usidanganyike na lile koti lake la mitumba. Akasema, "Shaaban Robert katika Adili na Nduguze aliwaita ndugu wabaya Hasidi na Mwivu. Msomaji akifungua tu ameshajua nani wa kumwogopa. Nyinyi huku nani kaandikwa jina kwenye paji la uso?" Akamimina. Hakuna aliyemjibu.

Niseme kidogo juu ya mikeka, maana vijana wengi wa umri wangu hawajaharibikiwa na pombe wala bangi, wameharibikiwa na dakika ya tisini. Dogo wa Chuo alitupigia hesabu siku moja kwa kutumia kijiti ardhini. Tuseme, akasema, umechagua timu nzuri tupu, kila moja ina nafasi saba kati ya kumi za kushinda. Moja moja zinakupa moyo. Lakini ukizitaka zote kumi na mbili zishinde kwa pamoja, unazidisha saba kwa kumi mara kumi na mbili, na kinachobaki ni kama mkeka mmoja katika 72. Hizo ni timu nzuri. Zikiwa za nusu kwa nusu, unakuwa mkeka mmoja katika 4,096. "Ukiweka mmoja kila Jumamosi," akamwambia Bwana Mikeka, "hiyo ni miaka sabini na nane."

Bwana Mikeka akatafakari. "Kwa hiyo ipo."

Ndiyo, ipo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hesabu haimtibu mtu. Mimi mwenyewe nilizijua hizo hesabu na bado nilibeti. Mwaka 2023 nilijaribu kuacha, nikadumu siku tisa. Si kwamba nilizikosa pesa. Pesa yenyewe nilikuwa sipati. Nilikosa la kusema. Jumamosi jioni kila mtu ana mkeka wake, kila mtu ana timu moja iliyobaki, watu wanainuka, wanakaa, wanashika vichwa, wanamtukana kipa wa nchi ambayo hawajui iko upande gani wa dunia, na mimi nimekaa katikati kama mgeni aliyekuja kwenye msiba bila kumjua marehemu. Siku ya kumi nikaweka 500 tu, ili niwe na cha kulalamikia.

Tabia yangu, kumbe, haikuwa ikikaa mfukoni mwangu. Ilikuwa pale benchini, kati ya kikombe changu na cha Bwana Mikeka, na mimi nilikuwa naenda kukutana nayo kila jioni, kisha Januari narudi kuandika kwenye daftari kana kwamba ni jambo kati yangu na karatasi.

Februari mwaka huu ndipo yaliponikuta. Pikipiki ninayoendesha ni ya mkataba: hesabu shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili ni yangu, na ikitimia miezi kumi na nne kadi inakuja kwa jina langu. Mwenye pikipiki ni mama mmoja mstaafu, alikuwa nesi. Wiki ile nilizishika hesabu za siku nne badala ya kuzituma, nikajiambia zikizaa nitamlipa na za mbele. Timu kumi na moja zikanipa. Ya kumi na mbili, timu ya Ulaya ambayo hata jina lake ulimi wangu unalikataa, ikafungwa mpira wa kona mwishoni kabisa.

Jumatatu asubuhi mama akashuka kwenye bajaji pale kijiweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Ufunguo."

Akanyoosha mkono. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza, maana angetukana ningepata pa kujibia. "Sijakasirika," akasema. "Ukiwa na arobaini yangu njoo uuchukue. Mkataba ni mkataba." Akauweka ufunguo kwenye mkoba, akafunga zipu. Ile zipu naisikia mpaka leo.

Nikamwendea Fundi. Nikamwomba 40,000, nikaapa kwa kila kinachoapiwa. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akanitazama. "Nikikupa leo, Jumamosi utakuwa unadaiwa na watu wawili." Basi. Nilipogeuka kuondoka nikiwa nimejaa matusi kooni, akaniita. "Kuna dumu la petroli pale na ndoo ya spea chafu. Nakulipa 5,000 kwa siku. Mchana utaziba pancha."

Jioni Bwana Mikeka akanivuta pembeni, akanipa noti ya 10,000 mkononi. "Mwana, nina tiketi ya uhakika. Tuirudishe arobaini yako leoleo."

Hao ndio marafiki zangu wawili. Mmoja ananinyima anipe ndoo ya spea, mwingine ananipa anizamishe. Na mwenye roho nyeupe zaidi kati yao, nakuapia, ni yule wa pili. Ile noti nilikaa nayo usiku mzima chini ya mto. Asubuhi nikamrudishia, akashangaa kweli, kama mtu aliyenyimwa nafasi ya kukusaidia.

Nikaosha spea siku nane. Petroli inakausha mikono mpaka inakuwa kama ya mzee. Siku ya tisa nikapanda daladala nikiwa na noti nne za elfu kumi kumi, nikaenda kuchukua ufunguo. Mama akanikaribisha chai. Akauliza habari za Korogwe. Sikuwa na za karibuni.

Nikiwa bado kwenye spea ndipo Dogo wa Chuo akaniletea habari za siku ishirini na moja. Ukifanya jambo siku ishirini na moja mfululizo, inakuwa tabia, haikutoki tena. Kaiona kwenye video. Nikafurahi, nikaanza kuhesabu kwa kuchora mistari ukutani kama mfungwa. Babu Kahawa akamuuliza swali moja tu: "Alihesabu nani?"

Dogo akanyamaza. Wiki iliyofuata akarudi na majibu, na hapa nampa heshima yake, kwa sababu wengi hatuna tabia ya kurudi na majibu. Ile ishirini na moja, akasema, mzizi wake ni daktari wa Marekani aitwaye Maxwell Maltz, mpasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika kitabu mwaka 1960. Aliona kwamba mtu akifanyiwa upasuaji wa pua, inamchukua angalau siku ishirini na moja kuizoea sura mpya kwenye kioo. Angalau. Watu wakaliangusha hilo neno njiani, wakaangusha na pua yenyewe, ikabaki namba inayotembea peke yake.

"Basi haituhusu," akasema Fundi. "Hapa hajapasuliwa mtu pua." Akamtazama Bwana Mikeka. "Bado."

Dogo akaendelea. Wapo waliopima kweli, wa chuo kikuu kimoja London, kiongozi wao mwanamke aitwaye Phillippa Lally. Walichukua watu 96, kila mmoja akachagua jambo dogo la kufanya kila siku: kula tunda, kunywa maji, kukimbia. Wakawafuatilia wiki kumi na mbili. Wa katikati ilimchukua kama siku 66 mpaka afanye bila kujisukuma. Mwepesi kuliko wote siku 18, na wapo ambao ilikadiriwa wangefika 254. Mambo mawili yalinikaa. La kwanza, kukosa siku moja hakukumharibia mtu. La pili, kila mmoja alilifunga jambo lake kwenye kitu kinachotokea kila siku bila kukosa, mathalani baada ya chakula cha asubuhi.

La kwanza lilinifuta machozi. Mimi ni mtu wa kuvunja mara moja halafu nikasema basi, imeshaharibika, ngoja Januari. La pili ndilo lililonifanya nimwangalie Babu Kahawa. Kitu gani kwangu kinatokea kila siku bila kukosa? Si sala, Mungu anisamehe. Si mswaki, kuna siku natoka mbio. Ni kikombe cha kwanza cha kahawa.

Tukakubaliana. Babu akachukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa kifuniko, akaliweka chini ya meza yake. Kila asubuhi nikifika, shilingi 2,000 kwenye kopo ndipo nimiminiwe. Kwanza kopo, halafu kikombe. Siku ya nne nikaja sina, abiria walikuwa wagumu. Nikamwambia Babu nimiminie, nitaweka mchana. Akapitisha birika juu ya kikombe changu, akammiminia aliyekaa pembeni yangu. Harufu ya tangawizi ikanipita puani. Nilimchukia mzee wa watu kwa kama dakika ishirini.

Kopo linafunguliwa Jumapili, na hapo inaingia habari ya kikoba. Tuko watu kumi na wanane. Hisa moja 2,000, mwisho hisa tano kwa wiki, buku la mfuko wa jamii, faini kwa mchelewaji. Mtindo huu si wa kwetu kwa asili; shirika la CARE lilianza nao kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, ukasambaa Afrika mpaka ukafika kwa mama zetu, na sisi vijana tukajifanya tumeubuni. Siku hizi kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayotaka vikundi visajiliwe, katibu wetu anatukumbusha kila wiki kama anatusomea dua. Vikundi vingine vimehamia kwenye simu. Sisi bado tuna sanduku la bati.

Sanduku hilo lina kufuli tatu. Analilaza ndani kwake mweka hazina, lakini hana ufunguo hata mmoja. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti: Babu Kahawa, Mama Chapati, na Fundi. Linafunguliwa Jumapili saa kumi jioni, mbele ya wote. Na kabla halijafunguliwa anaitwa mtu yeyote kwa namba yake aseme salio la wiki iliyopita kwa kichwa, akikosea faini 500. Watu waliofeli hisabati shule nzima sasa wanatembea na salio kichwani kama namba ya simu ya mpenzi.

Mara ya kwanza kuliona nilidhani kufuli tatu ni za mwizi. Mwizi gani? Bati lenyewe unalipasua kwa nyundo. Zile kufuli ni zetu wenyewe, ni za siku ya Alhamisi mchana ambapo umeona kitu dukani na moyo wako umegeuka wakili.

Alhamisi yangu ilikuja Julai. Jamaa mmoja alikuwa anauza simu ya kamera tatu, 150,000, bei ya kutupa. Akiba yangu ilikuwa inatosha. Kanuni hairuhusu, lakini nikazunguka kwa wenye funguo mmoja mmoja kama mgombea. Mama Chapati akaguna, akasema, "Wenzako wakikubali, mimi nani." Babu akasema hivyohivyo. Fundi akajipapasa mifuko, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Daah, kaka. Ufunguo nimeuacha Mbagala kwa shemeji."

Nikarudi Ijumaa. Bado uko Mbagala. Jumamosi, shemeji kasafiri. Jumamosi jioni simu ikauzwa kwa mtu mwingine. Jumapili saa kumi kamili Fundi akaja kikobani, akavuta kamba shingoni, ufunguo ukatoka ndani ya fulana ulipokuwa siku zote.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo," akasema, akafungua kufuli.

Sikumsemesha wiki tatu. Mafuta nilikwenda kubadilisha kwa fundi mwingine, mbali, kwa hasara. Kijiwe kikagawanyika. Mama Chapati akasimama upande wangu, akasema pesa ni ya mtu, angemwambia kanuni hairuhusu akaishia hapo, uongo wa nini? Dogo wa Chuo akasema angeambiwa kanuni angeibishia, na kweli ningeibishia, nilikuwa nimeshaandaa hoja. Mpaka leo sijaamua. Najua simu ile isingenisaidia kitu, na najua pia kwamba sipendi kudanganywa na mtu anayenitakia mema. Yote mawili yanakaa kifuani na hayagombani sana.

Ila nitakueleza kilichotokea Septemba. Ijumaa moja usiku Bwana Mikeka alinifuata nyuma ya bajaji zilizoegeshwa, akatazama kushoto na kulia kama muuza magendo. Akatoa laini ya simu, ile yenye pesa zake, kaifunga kwenye kipande cha nailoni. Kikoba hataki kuingia, anasema hawezi kuulizwa maswali na watu kumi na wanane. "Nishikie mpaka Jumatatu. Usinipe hata nikilia."

Sikujua kama nicheke. Huyu ndiye niliyemwandika namba tano. Nikaiweka laini ndani ya pochi, nyuma ya kitambulisho. Jumamosi saa mbili usiku akaja. Alianza kwa utani, akahamia kwenye hoja, akafika kwenye hasira. Ni laini yake, pesa zake, mimi ni nani? Kisha kweli macho yakamlengalenga. Nikajipapasa mifuko, nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Daah, mwana. Nimeiacha Mbagala kwa shemeji."

Alinitazama kwa muda. Mimi sina shemeji Mbagala, yeye anajua, na anajua kwamba najua anajua. Akasonya, akaenda kukaa benchi la nyuma, akaangalia mpira kama binadamu wa kawaida, bila mkeka. Dakika ya sabini akageuka kuniambia kwamba yule beki wa kulia anacheza vizuri. Miaka yote tunaangalia mpira pamoja, sikuwahi kumsikia akimsifu beki.

Tangu hapo laini inakuja kila Ijumaa. Si kila Ijumaa, kuna mbili hakuja, na moja alikuja na laini nyingine akabakiza ile ya kweli. Sasa kama wale wa London wako sahihi, kukosa siku moja si neno.

Turudi asubuhi ya leo, Fundi bado kasimama na daftari, anasubiri jibu la nani anahama.

Nikamwambia ukweli: daftari hilo sijalifungua tangu Machi. Hata hivyo mkataba umebakiza wiki tano. Kubeti, mara ya mwisho ilikuwa Mei, nikateleza mara moja, nikarudi kwenye kopo. Leseni bado, na hilo nalisema kwa aibu, kila nikiona sare nyeupe mbele nakata kona. Fundi akasema leseni ataisimamia yeye binafsi, na namna alivyolisema nikaona bora nimalize haraka kabla hajapata mbinu.

"Na namba tano?" akauliza Bwana Mikeka kutoka nyuma. Aliuliza polepole.

Nilikuwa natafuta neno. Sikulipata, kwa sababu Babu Kahawa alikuwa na mteja, mama mmoja mwenye kitenge anataka kashata nne za kupeleka kwa wajukuu Buza, na magazeti ya kufungia yalikuwa yameisha. Babu akanyoosha mkono bila kuuliza, akalichukua daftari mkononi mwa Fundi, akachana ukurasa wa kwanza, akauviringisha koni, akatia kashata.

"Haya, huyu kijana atakupeleka," akamwambia mama, akanielekeza kwa kidole. "Pikipiki imeshapona, eh Fundi?"

"Imepona. Ilikuwa uchafu kwenye kabureta. Mwenyewe angefungua siti angeona mapema."

Tukaondoka. Barabara ya Buza asubuhi ya Jumapili ina nafasi, unaweza ukasikia abiria wako akipumua. Tulipokaribia, mama akaanza kula kashata moja mwenyewe, nikasikia karatasi inafunguka nyuma ya mgongo wangu. Akacheka.

"Hee! Kumbe kuna mtu kaandika malengo yake humu. Eti kuacha kubeti. Masikini."

"Mh," nikasema.

"Kumpigia mama kila Jumapili. Mtoto wa watu huyu, mzuri tu. Leo si Jumapili?"

"Jumapili, mama."

"Sijui kampigia."

Nikamshusha kwenye geti la kijani. Akanipa 2,000, akanipa na kashata moja, akaingia ndani na ukurasa wangu. Nikasogeza pikipiki kivulini, chini ya mwarobaini, nikavua helmeti, nikatafuta namba ya Korogwe.